Ukisema "nipe chochote", utapewa chochote kweli!

Mzima wewe, na mfuko nao mzima? Kama mfuko unaumwa, sogea tukae benchi moja, maana wiki hii sina umbeya wa mtu. Wiki hii najianika mwenyewe.

Kuna vijana hapa mjini, na mimi nilikuwa mmoja wao, ambao wakiamka asubuhi wanawaza kitu kimoja tu: kuacha kazi. Bosi anakera, mshahara hautoshi, foleni ya daladala inaua, halafu kila ukifungua simu unamwona jamaa kapiga picha na kompyuta yake ufukweni, eti yeye ni bosi wa nafsi yake. Unajiambia, kwani mimi nashindwa nini? Kipaji ninacho, kompyuta ninayo, wateja nawajua. Naacha!

Mimi niliacha kweli. Mwishoni mwa 2022 nilimpelekea bosi barua, nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa sisi wa mshahara wa mwezi, nikawaaga wenzangu kwa soda na keki. Nilikuwa dizaina kwenye kampuni moja ya uchapaji Dar es Salaam. Kadi za harusi, vipeperushi, mabango, lebo za chupa, kalenda, vyote vilipita mikononi mwangu. Mshahara wangu kabla ya makato ulikuwa shilingi 600,000.

Mwezi haujaisha, mteja wa kwanza akapiga simu: "Logo unafanya bei gani?"

Nikashika kikokotoo. 600,000 gawanya kwa 30. Jibu: 20,000. Nikajiona nimemaliza hesabu zote za dunia! Siku yangu moja ni 20,000, logo nachora siku mbili, basi 40,000. Mteja akakubali palepale, hata punguzo hakuomba.

Jamani, mteja wa Bongo akikubali bei bila kuomba punguzo, usishangilie. Kaa chini ujiulize umekosea wapi.

Na huyo alikuwa afadhali. Kwa washikaji wa mtaani, ndugu, na wale wa "fulani kanipa namba yako", nilikuwa naona haya hata kutaja bei. Nilikuwa najikunyata na kusema lile neno langu: "We nipe chochote tu."

Basi nikapewa chochote. Kuna mmoja alinipa vocha ya 5,000. Mwingine alinipa ahadi, na mpaka leo ninayo, haijachakaa.

Kuna bwana harusi mmoja nilimdizainia kadi kwa 30,000. Rasimu ya kwanza kaipenda. Kesho yake mchumba kasema rangi ibadilike kidogo tu. Keshokutwa mama mkwe kasema maua yaongezeke kidogo tu. Mwenyekiti wa kamati naye jina lake lipande juu kidogo tu. "Kidogo tu" zilifika 11! Siku ya harusi nilialikwa, nikala pilau, nikapiga hesabu kimoyomoyo nikiwa na paja la kuku mkononi. Siku tisa kwa 30,000. Yule kijana aliyekuwa anasukuma maji kwa mkokoteni mtaani kwetu alikuwa ananizidi mbali.

Kufika katikati ya 2023 nilikuwa nimechacha vibaya. Kazi zipo, silali, macho mekundu, lakini hela haionekani. Mwenye nyumba akaanza kunigongea kwa kiganja badala ya vidole, nanyi mnajua maana yake. Nikampigia mama nyumbani, nikajizungusha weee, mwisho nikasema nimekwama kodi. Baada ya siku tatu hela ikaingia kwenye simu. Nikashukuru, nikalipa, nikaendelea na kuuza siku zangu kwa 20,000.

Kilichonitoa jasho ni simu ya dada mwezi mmoja baadaye. "Hivi unajua ile hela mama kaitoa wapi?"

Kwetu ni Kinyangiri. Kwa wale mnaodhani Singida ni kituo cha kununulia kuku tu basi likisimama, Kinyangiri iko wilaya ya Mkalama, ile iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kule benki ya mama ni gunia la alizeti. Na 2023 ndio mwaka ambao bei ya alizeti ilianguka, wakulima wa Singida na Dodoma wakabaki wameshika tama. Mama alikuwa kaweka magunia yake ndani anasubiri bei ipande. Aliposikia mwanae wa mjini kakwama, akayatoa sita kwa bei ileile ya kutupa.

Yaani mimi, mtoto wa mjini mwenye kipaji na kompyuta, nilikuwa nadizaini kadi za watu kwa magunia ya mama yangu. Mama ndiye aliyekuwa anawalipia wateja wangu punguzo!

Septemba nikapanda basi, nikashuka Iguguno, nikadandia pikipiki hadi nyumbani na upepo wa Singida unanipiga makofi njia nzima. Nadhani nilistahili.

Mama hakusema kitu. Alinipikia mlenda na ugali, akaniuliza kama nakula vizuri huko. Aliyesema ni Mjomba.

Mjomba ana mashine ya kukamua alizeti. Nilimkuta kavaa kofia yake iliyolowa mafuta, watu wamepanga magunia mlangoni. Tukasalimiana, shikamoo, marahaba, habari za Dar, nzuri. Halafu akanivuta pembeni.

"Mjomba, nimesikia siku hizi huna bosi. Sasa nami nina kazi yako. Nataka lebo ya mafuta yangu, nimechoka kuuza kwenye chupa za maji zilizotumika kama gongo. Ya lita moja, ya tatu na ya tano. Shilingi ngapi?"

Unadhani nilijibu nini? Mazoea yana taabu. "Aah, Mjomba, wewe tena? Nipe chochote tu."

Mzee alinitazama kama vile nimemtukana. "Chochote ndiyo bei gani? Mimi hapa nikimwambia mtu akamue anipe chochote, mashine hii kesho ipo?"

Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Akataka nimwambie ninavyopanga bei zangu, nikamweleza ile hesabu ya kugawa kwa 30. Akanionyesha mashine.

"Unaisikia inavyonguruma leo? Sasa njoo Februari, alizeti ziko shambani zina maua. Utakuta kuku wanatagia juu yake. Lakini Februari fundi wangu anakula. Mlinzi anakula. Mkopo nao unakula, tena huo haulali. Unadhani Februari nailipia na nini? Anailipia huyu anayekamua leo. Bei ya siku ya kazi lazima ibebe na siku ya kulala, mjomba. Wewe ulipokuwa kwa bosi, siku ya kulala nani alikuwa anailipa?"

Mungu wangu! Nikahisi mtu kaniwashia taa usoni.

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo ilipo siri ya mshahara. Ule mshahara tunaoutukana kila mwisho wa mwezi unalipa mpaka siku ambazo huzalishi kitu. Jumapili umelala, unalipwa. Sikukuu unacheza ngoma, unalipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Ukiugua una hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Kwenye NSSF kuna asilimia 20 ya mshahara wako inayokwenda kila mwezi, na kwa kawaida nusu yake anaitoa mwajiri mfukoni mwake. Umeme wake, kiti chake, kompyuta yake. Hata mteja asipolipa, wewe tarehe 28 unalipwa.

Siku unapokuwa deiwaka, vyote hivyo vinahamia kwako. Hakuna anayekutangazia. Vinahama kimyakimya usiku kama mpangaji anayekimbia kodi.

Mjomba akanipa karamu na nyuma ya daftari lake la magunia. "Piga hesabu ya mwaka," akasema. "Usipige ya mwezi. Mwezi mmoja unadanganya."

Nikaanza na upande wa hela ninayotaka. Mshahara wangu ule ule, 600,000 mara 12, ni 7,200,000. Ile sehemu ya NSSF aliyokuwa anatoa bosi, 720,000. Kompyuta ya 1,800,000 inayokaa miaka mitatu, kwa mwaka 600,000. Umeme na bando, 80,000 kwa mwezi, jumla 960,000. Meza niliyopanga kwenye duka la vifaa vya ofisi, 70,000 kwa mwezi, 840,000. Nauli za kwenda kwa wateja na wachapaji, 480,000. Programu na matengenezo, 300,000. Matibabu, 300,000. Leseni na wateja watakaoingia mitini, nikatenga 700,000. Jumla ikaja 12,100,000.

Mjomba akapiga mluzi. "Sasa siku."

Siku 365. Nikatoa Jumamosi na Jumapili 104, zikabaki 261. Nikatoa sikukuu 13 kwa makisio, 248. Nikajipa likizo ya siku 20 za kazi, 228. Kuugua na misiba, siku 8, zikabaki 220.

"Na hizo 220 zote unauza?" akauliza Mjomba.

Hapo nikanyamaza. Nikafungua simu, nikaangalia miezi yangu minane. Siku za kutafuta wateja. Siku za kukaa kwa mchapaji unasubiri plati. Siku za "njoo kesho bosi hayupo". Siku za "kidogo tu". Ukweli ni kwamba siku ambazo mtu alikuwa ananilipa zilikuwa nusu, basi. Siku 110.

12,100,000 gawanya kwa 110. Jibu: 110,000.

Nikarudia. 110,000 tena! Mimi nilikuwa nauza kwa 20,000. Hata kama wote wangenilipa bila kukwepa, siku 110 kwa 20,000 ni 2,200,000 kwa mwaka mzima. Gawanya kwa 12, hazifiki 184,000 kwa mwezi, na hapo kompyuta na bando bado hazijakula. Mchawi wangu alikuwa kikokotoo changu mwenyewe.

Najua unachotaka kusema. "We jamaa, nani Kariakoo atakulipa 110,000 kwa siku?" Swali zuri, nami nililiuliza. Ila ile namba si ya kumtajia mteja. Ni ya kwako, ya kukaa nayo kifuani. Mteja unamtajia bei ya kazi: logo kiasi fulani, lebo kiasi fulani. Wewe ndani unajua kazi ile inakula siku ngapi na kama inafika chini ya mstari wako au la. Usimuuzie mteja saa, maana kadiri unavyozidi kuwa fundi ndivyo unavyozidi kuwa mwepesi, na ukiuza kwa saa utaadhibiwa kwa ufundi wako.

Muulizeni Carolyn Davidson. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi kule Portland, Marekani, akalipwa dola 2 kwa saa kuchora alama ya kiatu. Akatoza saa 17 na nusu, jumla dola 35. Alama yenyewe ni ile ya Nike! Bahati yake kampuni ilimkumbuka mwaka 1983, ikampa pete na hisa. Wewe unadhani mwenye duka la vipodozi atakukumbuka na hisa?

Kuna na la mashudu. Nilipokuwa nafunga daftari, mteja mmoja akaja kubishana na Mjomba. Kumbe pale, ukimwachia Mjomba mashudu anakupunguzia bei ya kukamua. Ukibeba mashudu yako ukauze ya mifugo, unalipa kamili. Mjomba akanigeukia: "Na nyie huko mjini, mashudu yenu anachukua nani?"

Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Mashudu yangu ni lile faili la asili, lile linaloweza kubadilishwa na mtu yeyote akachapisha kalenda, fulana na mabango miaka kumi bila kunitafuta. Nilikuwa natuma kila faili kwa WhatsApp kama salamu. Mteja alikuwa analipa mafuta, anabeba na mashudu, halafu anaomba nimsaidie kuyapakia.

Tena hapa kwetu tunao mfano wa kuumiza. Mwaka 2017 vyombo vya habari vilimwonyesha Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji wa nembo ya Taifa, akiishi kwa dhiki Buguruni. Akafariki Muhimbili Mei mwaka huohuo. Wapo waliomtaja mchoraji mwingine, na ubishi ule si wa safu hii. Ninachosema ni kwamba mchoro unaweza kukaa kwenye kila ofisi ya nchi na mkono uliosemwa kuuchora ukawa mtupu. Tangu siku ile, kwangu faili la asili lina bei yake peke yake, na inaandikwa.

Basi asubuhi nikarudi kwa Mjomba na karatasi. Lebo tatu, siku tatu, 330,000. Mkono ulikuwa unatetemeka, nawaambia ukweli. Kumtajia mtu baki bei ni kazi, kumtajia mjomba aliyekununulia viatu vya kwanza vya shule ni kupanda mlima.

Mzee akasoma, akakuna kidevu. "Mimi si mjomba wako?"

"Ni mjomba wangu," nikasema, "ndiyo maana kuna mstari wa pili." Nikauandika mbele yake: Punguzo la ujomba, 80,000. Unalipa 250,000, nusu kwanza. Marekebisho mara mbili, ya tatu unaongeza hela. Faili la asili linabaki kwangu.

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Punguzo la ujomba! Hapo sasa najua umenipa nini. Ungesema chochote, ningekupa 20,000 na ningejiona nimekusaidia."

Hilo likamate, msomaji wangu. Ndugu na rafiki wapunguzie, hatukatai, sisi si mawe. Ila andika bei kamili kwanza, punguzo chini yake, ili mtu aone alichopewa. Na mtu baki akisema bei ni kubwa, usikate bei, kata kazi. Hana 300,000? Sawa, badala ya lebo tatu pata mbili. Ukishusha bei huku kazi ikibaki ileile, umemwambia kwamba ile ya kwanza ulikuwa unamwibia.

Je, wateja walikimbia? Walikimbia, tena wengi. Miezi miwili ya kwanza simu ilikuwa kimya nikadhani nimefiwa na laini. Yule wa vocha hajarudi mpaka leo. Lakini waliobaki wanalipa kishika uchumba kabla sijagusa kompyuta, na ajabu ni kwamba "kidogo tu" zimepungua. Mtu akijua marekebisho ya tatu ni hela, mama mkwe anashauriwa mapema.

Kama bado uko kwa bosi, sikwambii usiache. Nakwambia piga hesabu hiyo kabla ya kuandika barua, ukiwa bado unalipwa kwa kulala. Ukishaacha, utaipiga ukiwa na njaa, na njaa haijui kugawanya.

Kile kianzio cha Mjomba, 125,000, sikuondoka nacho Kinyangiri. Nilikiweka mkononi mwa mama jioni ile, nikamwambia ni mwanzo wa yale magunia. Akahesabu noti pole pole, akazifunga kwenye pindo la khanga, akanitazama.

"Hii ya siku ngapi?"

"Siku moja na kitu, mama."

Akatikisa kichwa. "Kumbe unaweza. Sasa zile siku nyingine zote ulikuwa unampa nani?"

Sikuwa na jibu. Kama wewe unalo, kaa nalo hadi wiki ijayo. Na ukiniita kunipa kazi, njoo na bei, chochote ninacho tele nyumbani.